Kivuli Kilichosema Sipo

Kila asubuhi, kabla mvua ya Lupando haijaamua kama itanyesha au itapumzika, Sekela alifungua mlango wa ofisi ya kata kwa kuusukuma na bega, maana ubao wake ulikuwa umevimba kwa unyevu tangu siku aliyoajiriwa. Alifuta umande kwenye kioo cha mashine kwa pindo la khanga aliyojitanda, akabandika birika la chai ya tangawizi kwenye jiko la umeme, akaketi, akakohoa kidogo kusafisha koo. Kisha akatamka lile neno moja ambalo kwa siku nzima ndilo alilolisema kwa sauti kubwa kuliko mengine yote:

"Lupando?"

"Tupo," vikajibu vivuli elfu tatu mia tisa na sita.

Vilijibu kwa pamoja kupitia spika iliyotundikwa chini ya saa ya ukutani. Zilikuwamo sauti za vikongwe na za vijana, za waliokuwa bado wamejifunika blanketi na za waliokuwa tayari kwenye mashamba ya chai na matenga mgongoni. Kila mkazi aliyefikisha miaka kumi na minane alikuwa na kivuli chake ndani ya mashine. Kivuli kilijua sauti yake na misimamo yake. Siku ya mkutano wa kata kilikaa badala yake, kikasikiliza, kikachangia, kikapiga kura, na mwenyewe akaendelea kuchuma chai au kubembeleza mtoto. Watu wa Lupando walikuwa wameacha kwenda mikutanoni kama watu wanavyoacha njia ya mtoni bomba likifika.

Sekela alivipenda vivuli. Alikipenda hasa cha kwake, kwa sababu sauti yake haikuwa ikitetemeka.

Asubuhi ile alikuwa amenyoosha mkono kuchukua birika pale sauti moja ilipokuja nyuma ya zote, peke yake, kama mtu aliyechelewa kanisani.

"Sipo."

Sekela aliliacha birika. "Nani?"

"Sipo," ikarudia sauti ya msichana. Haikuwa na hasira. Ilisikika kama sauti ya mtu anayemjibu mgeni aliyekosea nyumba.

Skrini ikaonyesha jina: Tusajigwe Mwakibete, miaka kumi na tisa, fundi wa roda, waya wa chai, nguzo ya nne.

Miaka miwili Sekela alikuwa mtunza vivuli, na hakuna kivuli kilichowahi kumjibu neno lingine zaidi ya "tupo". Alikuwa bado ameduwaa pale mlango uliposukumwa, ukaingia kwanza mwamvuli mweusi, kisha Mwalimu Ambilikile nyuma yake. Alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa kata mwaka wa sita huu, lakini hakuna aliyemwita mwenyekiti. Nusu ya Lupando ilijifunza kusoma kwa fimbo yake ya kuelekezea ubaoni, fimbo ambayo, watu walipenda kusema, haikuwahi kumpiga mtoto.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekodoa macho kama umeitwa ubaoni?"

"Kuna kivuli kimesema hakipo."

Mwalimu akacheka mpaka mwamvuli ukamwaga maji sakafuni. "Hakipo, na kimesema! Hao ndio vijana wa sasa. Anakuambia hayupo huku unamsikia." Akainama kusoma jina. "Ahaa, Tusa. Huyu hata darasani alikuwa akiuliza swali kabla sijamaliza kusema habari za asubuhi. Mnyooshe kabla ya Jumamosi. Jumamosi unajua tuna nini."

Sekela alijua. Jumamosi mkutano ungeamua kuufunga ukumbi wa kata ili ugeuzwe ghala la kunyaushia majani ya chai. Tangu hapo mikutano yote ingefanyika ndani ya mashine tu. Na ukumbi ukishafungwa, pasingebaki mahali pa kusimama mtu mwenye mdomo wake.

"Watu wenyewe hawaji," Mwalimu alisema, kama aliyesoma mawazo yake. "Mkutano uliopita tulikuwa saba, na wawili walikuja kujikinga mvua."

Kunyoosha kivuli kulikuwa jambo la kubonyeza mara moja tu. Kilirudishwa kwenye majibu yake ya kwanza, yale ya siku kilipoandikishwa, na kila kilichojifunza baadaye kikafutika. Lakini sheria ilimtaka mtunza amjulishe mwenye kivuli kwanza, ana kwa ana. Maneno hayo matatu, ana kwa ana, yalimfanya Sekela akose hamu hata ya chai yake.

*

Waya wa chai ulianzia kwenye miteremko chini ya Mlima Rungwe ukashuka hadi kiwandani, na matenga ya majani mabichi yalipita juu ya migomba yakining'inia kwenye roda, vigurudumu vya chuma vilivyobingiria juu ya waya, na kuyumbayumba. Kwenye nguzo ya nne, juu kabisa, palionekana viatu viwili vya mpira.

"Hodi," Sekela aliita kwa sauti ndogo, akiitazama nguzo isiyo na mlango.

"Karibu! Ila sina kiti!"

Tusa alishuka kama maji, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko. Alipomtambua mgeni wake alifungua kinywa. "Dada Sekela wa mashine! Umetoka nje mchana? Watu watadhani jua limepatwa."

Sekela akatabasamu akiangalia chini. "Kivuli chako kimesema hakipo."

"Kimesema?" Tusa alipiga makofi, grisi ikaruka. "Kweli kimesema? Dada, nimekifundisha siku arobaini! Kila nikipanda nguzo nakiambia kwenye simu: wewe, mimi sipo huko, nipo huku. Usinisemee. Mama akadhani nina mchumba."

"Kwa nini usikiache tu?"

Uso wa Tusa ukatulia. Alichukua kitambaa akaanza kujifuta kidole kimoja kimoja.

"Unakumbuka mkutano wa mwezi wa tatu? Uliamua waya uendelee kufanya kazi hata wakati wa radi, chai isilale. Hakuna aliyepinga. Mimi ninayepanda nguzo, dada, kivuli changu kilikaa kimya. Juma moja baadaye radi ikapiga nguzo ya sita, Lugano akiwa juu. Mpaka leo mkono wake wa kulia hauna kazi, anashikia kijiko kushoto kama mtoto." Alikunja kitambaa mara mbili, mara nne. "Nikakiuliza kivuli, mbona ulinyamaza? Kikanijibu: ili tusigawanyike. Sasa neno hilo nani alikifundisha? Mimi? Mimi ambaye mama hunituma sokoni ili apumzike na maneno yangu?"

Tenga moja lilipita juu yao likalia kwenye roda. Neno lile Sekela alilijua. Alijua hata mwandiko ulioliandika.

*

Aliporudi ofisini hakubandika birika. Alikaa mbele ya mashine akaikumbuka Siku ya Vivuli.

Ilikuwa miaka saba nyuma. Wanafunzi wote wa Lupando, mia sita na kumi na mmoja, kuanzia wa miaka kumi na miwili, walikalishwa kwenye mikeka ndani ya ukumbi wa kata, kila mmoja na kibao chake cha kuandikia kwa chaki, ambacho baadaye mashine ingekipiga picha. Maswali yalikuwa thelathini. Wataalamu waliotoka mjini walieleza kwamba majibu hayo ndiyo mbegu, na kwamba kivuli cha kila mtoto kingechipua kutoka kwenye mbegu zake mwenyewe akifikisha miaka kumi na minane, kisha kingekua kadiri mwenyewe atakavyokuja kukilisha maneno mapya. Wakaondoka kunywa chai.

Lakini Lupando, kitu chochote chenye maswali yaliyopewa namba kilikuwa mtihani. Na Mwalimu Ambilikile, aliyekuwa mwalimu mkuu wakati ule, hakuwa mtu wa kukaa akitazama watoto wake wakifeli. Alichukua chaki. Akaandika majibu ubaoni, la kwanza hadi la thelathini, kwa ule mwandiko wake wa kupendeza kama shanga.

"Nakilini vizuri, wanangu," alisema. "Asiachwe mtu nyuma."

Sekela alikuwa na miaka kumi na sita, mstari wa tatu. Yeye aliandika haraka kuliko chaki. Chaki ilipokuwa swali la sita, yeye alikuwa amefika la tisa: *Usipokubaliana na jambo ambalo wengine wote wamelikubali, utafanya nini?* Alikuwa ameshalijibu. Kisha chaki ikafika, ikaandika: *Nitanyamaza ili tusigawanyike.* Sekela aliutazama ubao, akakitazama kibao chake, akafuta jibu lake kwa mkono wa sweta, akanakili.

Baada ya siku ile hakuna aliyerudi kukilisha kivuli chake. Nani alikuwa na nafasi? Kilikuwa kinafanya kazi, kilikuwa kinaitika.

Sasa alivifungua vivuli vya rika lile, akaviagiza vijipange kimoja juu ya kingine kwenye skrini. Watu mia sita na kumi na mmoja wenye tabia zao, wagomvi na wapole, walitakiwa waonekane kama mawe ya mtoni, kila moja na umbo lake. Badala yake vililaliana kama karatasi za daftari moja. Swali la tisa halikuwa na hata nukta iliyochomoza pembeni. Katika miaka yote ile vijana wa Lupando hawakuwahi kupinga jambo hata moja. Juu ya kichwa cha Sekela, ndani ya fremu, kilining'inia cheti kilicholetwa na wakubwa wa wilaya: Kata Yenye Umoja.

Kila mtunza huapa siku anapoajiriwa kwamba hatatoa nje kilichomo ndani ya kivuli cha mtu, isipokuwa kwa mwenyewe. Sekela alikuwa ameapa akiwa amevaa viatu vya kuazima, na barua ya kumtambulisha kazini aliandikiwa na Mwalimu Ambilikile.

Kisha aliona jambo la pili, dogo, likamtisha zaidi. Kwa kuwa majibu yalikuwa sawasawa, mashine ilikuwa imeyahifadhi mahali pamoja. Ulikuwa mstari mmoja tu. Akiubadilisha huo, vivuli vyote mia sita na kumi na kimoja vingeamka vikisema neno jipya, na Jumamosi ukumbi usingefungwa, kwa kuwa kwa desturi Lupando haikupitisha jambo lililopingwa na watu wengi kiasi hicho. Hakuna ambaye angejua.

Aliingiza mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

*

Alhamisi alikwenda nyumbani kwa Mwalimu. Njiani aliyapanga maneno. Yalikuwa matatu mazuri, na moja lenye makali. Alipofika, Mwalimu alikuwa akichoma ndizi barazani huku mvua ikipiga bati. Alimchagulia Sekela ile iliyoiva vizuri, akaipuliza majivu, akamwekea kwenye sahani na kikombe cha maziwa.

"Mwalimu," Sekela alianza, "ile Siku ya Vivuli..."

"Ah!" Uso wa mzee ulifunguka. "Hakuna siku niliyoshukuru kama ile. Kata jirani waliwaacha watoto wajibu ovyo ovyo. Mmoja akaandika anataka kuwa mbuzi. Robo yao wakanyimwa vivuli, wakaambiwa majibu hayashikamani. Mpaka leo hawahesabiwi popote. Wangu hakuachwa hata mmoja." Aligeuza ndizi nyingine. "Nililala usingizi mzuri usiku ule, Sekela."

Maneno matatu mazuri yakayeyuka. Likabaki lile lenye makali, nalo peke yake halikuweza kutoka.

"Unakumbuka nilivyowafundisha ubusoka, ile sherehe ya kuwakabidhi vijana nchi?" Mwalimu aliendelea, macho kwenye makaa. "Sisi Wanyakyusa wa zamani, wakati wa vijana kushika nchi ulipowadia, mioto ya wazee ilizimwa. Kila jiko baridi. Kisha vijana wakapekecha moto wao, mpya kabisa."

"Na wazee?"

"Wakaenda kuomba kaa la moto kwa watoto wao." Alicheka kwa furaha. "Mtu na heshima zake, anabisha hodi kwa mwanawe na kigae mkononi. Nilikuwa nalipenda sana somo lile. Basi nami naona hivi vivuli ndio moto wenu mpya."

Sekela alimtazama. Alimpenda mzee yule. Alifungua kinywa.

"Ndizi ni tamu, Mwalimu," alisema.

*

Ijumaa mchana Tusa aliingia ofisini bila kungoja kukaribishwa, akaacha nyayo za matope hadi mbele ya mashine.

"Nimekuja kukiona."

Hilo Sekela aliruhusiwa. Akamfungulia swali la tisa. Ulikuwa mwandiko wa mtoto wa miaka kumi na miwili, herufi zimelegea kulia, neno *tusigawanyike* limekatwa mara mbili kwa sababu lilikuwa refu. Tusa alianza kucheka, kisha kicheko kikamwishia.

"Mwandiko wangu," alisema. "Lakini maneno si yangu. Nilikuwa nakazana nimalize, Mwalimu asifute ubao."

Sekela alitazama mlango, akatazama mikono yake. "Ninaweza kulibadilisha," alinong'ona. "Ni mstari mmoja. Kwa wote. Hakuna atakayejua, na ukumbi hautafungwa."

"Kwa wote?"

Sekela akauma mdomo. Alijua nusu ya kiapo imeshamponyoka.

Tusa hakuuliza zaidi. Alivuta kiti, akakaa, akafikiri kwa muda mrefu kuliko Sekela alivyomdhania kuwa anaweza. "Ungeandika nini?"

"Ningeandika, *nitasema*."

"Jibu zuri."

"Basi..."

"Zuri sana. Na sisi wote tutalinakili tena." Aligeuka akamtazama usoni, kwa upole ambao Sekela hakuutarajia. "Dada, hapo utakuwa umepokea chaki tu."

Nje mvua ilianza. Sekela alisikia haya zikimpanda hadi masikioni, na chini ya haya hizo kitu kama nafuu, kama mtu aliyevuliwa mzigo ambao hakuwa na haki ya kuubeba.

"Futa changu," Tusa alisema. "Chote. Sheria si inasema asiye na kivuli aje mwenyewe? Kesho nitakuja na miguu yangu."

"Peke yako?"

"Nimewaambia wenzangu wa waya. Nusu wamecheka. Wengine wameuliza kama kutakuwa na soda." Alisimama. "Lugano atakuja. Amesema hata kama hana la kusema atakaa mbele ili mkono uonekane."

Mlangoni aligeuka. Sekela alidhani sasa angemwambia: nawe simama, nawe sema. Hakusema hivyo. "Chai yako inanukia vizuri kila nikipita," Tusa alisema. "Siku moja nikaribishe." Akatoka mvuani bila mwamvuli.

Sekela alibaki akizitazama nyayo za matope. Kilichomshangaza ni jinsi msichana yule alivyokuwa na nguvu zote zile na hakumsukuma nazo. Akafuta kivuli cha Tusajigwe Mwakibete. Taa yake ndogo kwenye mashine ilizimika bila sauti.

*

Jumamosi walikuja ishirini na watatu. Sekela aliwahesabu mara mbili kutoka kwenye meza ya mashine, iliyokuwa imeletwa pembeni mwa ukumbi kwa ajili ya mkutano. Wengi walikuwa wa rika lake na la Tusa, wamesimama wakiegemea ukuta kwa sababu hakuna aliyekumbuka viti viliwekwa wapi. Bati lilivuja mahali palepale pa siku zote. Mbele, nyuma ya meza ya mwenyekiti, ubao mweusi ulikuwa bado ukutani.

"Leo kuna harusi?" Mwalimu aliuliza, na furaha yake haikuwa ya kujifanya. "Karibuni, wanangu. Karibuni sana."

Alisoma hoja. Ukumbi ufungwe, uwe ghala, na mikutano ifanyike ndani ya mashine. Akageukia spika. "Lupando, mnakubali?"

"Tunakubali," vikajibu vivuli, na kuta zikatetemeka kidogo.

Kwa desturi ya Lupando, mwenyekiti alipaswa kuuliza mara tatu kama kuna anayepinga, na aliyefika mwenyewe akisema, kivuli chake kilinyamaza kumpisha.

"Kuna anayepinga? Mara ya kwanza."

"Mimi, Mwalimu." Tusa alisogea mbele. Alikuwa amenawa mikono, lakini grisi ilibaki chini ya kucha. "Naitwa Tusajigwe Mwakibete, nimekuja mwenyewe." Hakupaza sauti. Alieleza nguzo ilivyo wakati wa radi, jinsi chuma kinavyoanza kuimba kabla, jinsi unavyokuwa na muda wa kushuka hatua tatu tu. Alimwonyesha Lugano, na Lugano akainua mkono wake wa kulia kwa kuushika na wa kushoto. "Uamuzi ule tuliukubali sisi wenyewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwapo. Mkiufunga ukumbi huu, siku nyingine mtu akitaka kuja, aje wapi?"

Mzee mmoja aliyekuja kujikinga mvua alisema, "Mtoto amesema," akakohoa.

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu. "Umesema vizuri, mwanangu. Nasikia fahari kwamba nilikufundisha. Lakini tazama, wenzako wa rika lako mia sita na kumi wamo humu ndani, na hakuna aliyepinga. Je, wote hao wamekosea, wewe peke yako ndiye uliyepata?"

Tusa angeweza kumtazama Sekela. Angeweza hata kumnyooshea kidole. Alitazama mbele, mabega yameinuka kidogo, kama mtu aliye juu ya nguzo ambaye ameshasikia chuma kikiimba na bado hajashuka.

"Mara ya pili. Kuna anayepinga?"

Tone likaanguka kutoka kwenye bati. Sekela alikumbuka sahani ya ndizi. Alikumbuka barua ya Mwalimu, na mkono wa sweta ulivyokuwa mweupe kwa unga wa kibao.

"Mara ya tatu, na ya mwisho."

Kiti kilikwaruza sakafu. Watu wote waligeuka, na Sekela akagundua kwamba kiti kile kilikuwa chake.

"Sekela?" Mwalimu alisema. "Mashine imeharibika?"

"Hapana." Sauti ilitoka nyembamba, ikakatika, ikarudi. "Mashine ni nzima. Ni mimi."

Kuna waliocheka, si kwa ubaya. Alingoja wanyamaze.

"Nina kiapo," alisema. "Sitasema ya kivuli cha mtu yeyote. Nasema ya kwangu tu." Alishika ukingo wa meza. "Mwalimu, siku ile, hapa hapa, mimi nilikuwa mstari wa tatu. Swali la tisa nilikuwa nimeshalijibu kabla chaki haijafika. Nikalifuta kwa mkono wa sweta, nikaandika lako."

Moja baada ya lingine, macho ya vijana walioegemea ukuta yakahama kutoka kwake yakaenda kwenye ubao.

"Hata mimi nilinakili," alisema mmoja polepole.

"Mimi nilinakili mpaka tarehe," Lugano alisema.

"Mimi nilimnakili Lugano. Nilikuwa sioni ubaoni."

Kicheko kilipasuka, kikapita, na kilipopita kila mtu alikuwa anajua. Mwalimu Ambilikile alikuwa amegeuka nyuma. Aliutazama ubao mtupu kwa muda mrefu, mkono mmoja juu ya meza, kama mtu anayesoma maandishi ambayo wengine hawayaoni. Alipowageukia tena alionekana mzee, na Sekela akatamani arudishe kila neno.

Lakini mzee alikaa chini. Aliweka kalamu yake mezani, akaisukuma mbali naye kidogo, na akauliza kwa ile sauti ya zamani, ya darasani, ambayo kwayo walijifunza kusoma:

"Ulikuwa umeandika nini, Sekela?"

"Nitasema," alijibu. "*Nitasema, hata kama sauti itatetemeka.*"

"Ni jibu lako?"

"Ni langu."

"Basi nakusikiliza. Mimi leo nimekuja kuomba kaa."

Kwenye mashine, kati ya taa zile zote, taa moja ndogo ilizimika ili kumpisha mwenyewe. Sekela hakuiona. Alikuwa amenyanyua uso, machozi yakimtoka bila ya yeye kuyafuta, na sauti ikitetemeka vile vile alivyoiogopa maisha yake yote.

"Nakuheshimu, Mwalimu," alisema, "na nakupinga. Ukumbi usifungwe."